VALLETTA, MJI ULIOZALIWA VITANI

Iko miji iliyoanza kama soko, na iko iliyoanza kama kijiji cha wavuvi kikakua pole pole hadi kikapata makanisa, mahakama na mabenki. Valletta, mji mkuu wa Malta, haukuanza hivyo. Mji huo ulianza kama amri ya kijeshi. Jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 28 Machi, 1566, juu ya kilima cha mawe kilichokuwa karibu kitupu, na walioliweka walikuwa watu ambao miezi saba kabla ya hapo walikuwa bado wakipigania roho zao ng'ambo ya pili ya bandari.

Sisi tulipata siku mbili tu za kuutembelea, tukitokea Sicily kwa chombo cha kasi ambacho huivuka bahari hiyo kwa muda usiofika saa mbili. Siku mbili ni chache, lakini mji wenyewe ni mdogo. Eneo lake halifiki kilometa moja ya mraba, na mtu mwenye miguu mizima aweza kutoka lango la nchi kavu hadi ngome ya baharini kwa robo saa, ikiwa hatasimama njiani. Taabu ni kwamba haiwezekani kutosimama. Kila pembe ya ukuta, kila kisima, kila tundu la mzinga limewekwa pale kwa sababu, na mtu aliyepata kushika zamu ya lindo huzitambua sababu hizo hata kabla hajaelezwa. Ndiyo maana tumeona vema kuwaandikia habari za mji huu ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, badala ya kuwaachia watalii peke yao.

Mji huu umekutana na adui mara nne: mara moja kabla haujajengwa, na mara tatu baadaye. Mara mbili mahali hapa palishikwa imara, na mara mbili palisalimu amri. La ajabu ni kwamba palishikwa imara siku palipokuwa hapana ukuta wa maana, na palisalimu amri siku kuta zilipokuwa miongoni mwa zilizo nene kuliko zote katika Ulaya. Jambo hilo ndilo tulilotembea nalo kichwani kwa siku zote mbili.

WATAWA WENYE PANGA

Malta ni kisiwa kilichoko katikati ya bahari ya Mediterania, kusini ya Sicily. Mwaka 1530 kilipewa Shirika la Mtakatifu Yohane, yaani watawa waliokuwa pia askari, ambao Waturuki walikuwa wamewafukuza kutoka kisiwa cha Rhodes mwaka 1522. Watawa hao walitunza wagonjwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili walizikamata merikebu za Waislamu na kuwatia watu wake utumwani. Sultani Suleiman aliwavumilia kwa miaka mingi; hatimaye, mwezi Mei 1565, alipeleka kikosi cha kuwamaliza.

Waturuki waliofika walikuwa zaidi ya 30,000 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, wakiongozwa na Mustafa Pasha katika nchi kavu na Piali Pasha katika bahari. Waliokuwa na silaha kisiwani hawakufika 10,000. Miongoni mwao watawa-askari walikuwa kiasi cha 500 hivi, na wengi wa waliosalia walikuwa Wamalta wa kawaida, wakulima na wavuvi na mabaharia. Jambo hili waongozaji wa watalii hulipita haraka haraka, kwa kuwa mavazi ya watawa hupendeza zaidi katika picha.

Watawa na wenyeji walikuwa wamejikusanya katika miji miwili midogo, Birgu na Senglea, upande wa pili wa bandari kuu. Kwenye ncha ya kilima kitupu, pale ilipo Valletta leo, palikuwa na ngome ndogo tu iitwayo Mtakatifu Elmo, iliyojengwa upesi upesi mwaka 1552. Waturuki waliitazama wakaona ni kazi ya siku chache. Ngome hiyo ilisimama hadi tarehe 23 Juni, karibu mwezi mmoja chini ya mizinga. Ilidumu namna gani? Usiku, mashua zilitoka Birgu zikavuka maji gizani, zikipeleka watu wenye nguvu na kuwarudisha majeruhi. Mashua hizo zilipozuiliwa, waliobaki ndani walijua kwamba hakuna atakayekuja tena, na wakaendelea kupigana. Walikufa karibu wote, wapatao 1,500. Lakini Waturuki nao walipoteza maelfu ya askari wao mahali hapo, pamoja na Turgut Reis, nahodha mashuhuri aliyeogopwa katika bahari yote ile, na kubwa zaidi wakapoteza wakati. Kiangazi kiliwaunguza, maradhi yakaingia kambini mwao, na Birgu na Senglea zikaendelea kukataa. Msaada kutoka Sicily uliposhuka pwani tarehe 7 Septemba, walikuwa wamekwisha choka. Siku iliyofuata vita vilikuwa vimekwisha, na hadi leo tarehe 8 Septemba ni sikukuu ya taifa la Malta.

Yafaa tuseme hapa kwamba Waturuki nao walipigana kwa ushujaa mkubwa. Askari waliopanda mara kwa mara juu ya vifusi vya Mtakatifu Elmo, wakijua kinachowangoja juu, hawakuwa watu wa kudharauliwa, ingawa katika maonyesho wanayoonyeshwa wageni wao huonekana kama mawimbi yasiyo na majina.

KILIMA KINAGEUKA MJI

Mkuu wa Shirika, Jean de Valette, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 vita vilipomalizika. Alijua kwamba ikiwa adui atarudi, kilima kile kisiwe kitupu tena. Papa alimletea fundi wa ngome, Mwitalia Francesco Laparelli, na huyu alichora mji mzima kwenye karatasi kabla ya nyumba moja kujengwa. Laparelli aliondoka baada ya miaka michache akafariki Krete mwaka 1570. Kazi ikachukuliwa na Mmalta, Gerolamo Cassar, ambaye majengo yake mengi bado yasimama. De Valette mwenyewe alifariki mwaka 1568 akazikwa katika mji uliochukua jina lake, kabla ya kuuona umekamilika.

Tuliingia kwa lango la nchi kavu. Lango lililoko sasa ni la karne yetu hii, kazi ya Mwitalia Renzo Piano, pamoja na jengo la Bunge lililo karibu nalo lililofunguliwa mwaka 2015. Wenyeji wengine walilipinga sana walipoonyeshwa michoro. Sisi tuliliona la heshima, kwa maana halijaribu kujifanya la kale. Lakini kitu cha kutazamwa hapo si lango, ni handaki. Simama katikati ya daraja, uiname. Chini yako mwamba umechongwa wima kama kwa kisu, kutoka bandari ya upande huu hadi bandari ya upande ule, hata ncha nzima ya kilima ikatengwa na nchi. Mawe yaliyotoka humo ndiyo yaliyojenga mji. Ni mawe ya chokaa, laini kukatwa, yenye rangi ya asali jua linapoinama. Na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa, wengi wao Waislamu waliotekwa baharini. Valletta ilikuwa na gereza lao maalumu. Sisi tutokao Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana maana ya neno hilo.

Kuta zilizo juu ya handaki hazikwenda moja kwa moja. Kila baada ya umbali fulani hutoa pembe iliyochongoka kama ncha ya mshale, ili askari aliye katika pembe hii aweze kupiga risasi mbele ya pembe ile, na mwenzake amlinde vivyo hivyo. Hakuna mahali chini ya ukuta ambapo adui aweza kujibanza asionekane. Msomaji aliyewahi kufika Mombasa ameiona elimu hiyo hiyo kwa macho yake, kwa kuwa Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Mwitalia mwingine wa fani hiyo, Giovanni Battista Cairati. Na msomaji huyo atakumbuka pia mwisho wake. Ngome ya Mombasa ilihusuriwa na Waarabu wa Oman tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na watu waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa kuliko mizinga.

Waanzilishi wa Valletta walilijua jambo hilo. Katika amri za ujenzi walizozitoa, moja ilimlazimisha kila mwenye nyumba kuchimba birika lake la maji ya mvua chini ya nyumba. Kisiwa hakina mto hata mmoja. Barabara nazo ziliamriwa ziwe nyoofu, zikikatana kama mistari ya karatasi ya hesabu, ili upepo wa bahari upite na askari waweze kukimbilia ukutani bila kupotea. Mtu anayepanda ngazi za barabara zile wakati wa adhuhuri, jasho likimtoka, huushukuru sana upepo huo. Baadaye, kati ya 1610 na 1615, ulijengwa mfereji wa mawe wenye urefu wa kilometa kama 16 kuleta maji kutoka katikati ya kisiwa.

MTORO ALIYECHORA GEREZA

Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, kwa nje, ni kama ghala la silaha: kuta tupu, minara miwili, basi. Cassar alikuwa mjenzi wa ngome, na hakujificha. Ndani ni habari nyingine. Dhahabu imefunika kila kitu, na sakafu yote ni mawe ya makaburi ya watawa-askari, karibu 400, yaliyopambwa kwa marumaru ya rangi nyingi, kila moja likiwa na mizinga, bendera na mifupa ya mauti. Mgeni hutembea juu ya maofisa wa karne tatu.

Lakini tuliloliendea ni chumba cha pembeni, ambamo umetundikwa mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608, unaoonyesha kuuawa kwa Yohane Mbatizaji. Una upana wa zaidi ya meta tano. Ndugu zetu wa polisi na magereza wangeusimamia kwa muda mrefu kuliko wataalamu wa sanaa. Tukio lote limewekwa katika ua wa gereza. Mkuu wa gereza, funguo zikining'inia kiunoni, anaonyesha kwa kidole mahali pa kuwekwa kichwa, kama mtu anayetoa maagizo ya kazi ya kila siku. Muuaji amemwinamia mfungwa, na mkono wake wa nyuma unachomoa kisu kidogo kwa kuwa upanga haukumaliza kazi. Upande wa kulia, wafungwa wawili wamechungulia dirishani kwenye nondo, shingo zimenyooka. Hakuna malaika, hakuna nuru kutoka mbinguni. Mtu mmoja tu katika kundi lile, mwanamke mzee, ameshika kichwa chake kwa uchungu.

Mchoraji alijua alichokichora. Mwaka 1606 alikuwa amemwua mtu Roma akatoroka. Malta ilimpokea, na Julai 1608 Shirika likamvika vazi lake. Muda haukupita akaingia katika ugomvi wa silaha, akafungwa katika ngome ya Mtakatifu Angelo, na kabla ya mwaka kwisha akatoroka tena, akakimbilia Sicily. Shirika lilimfukuza rasmi, na mkutano wa kumfukuza ulifanyika katika chumba hicho hicho, mchoro wake ukiwatazama wajumbe. Katika damu inayotiririka sakafuni ameandika jina lake. Wataalamu wasema ni mchoro wake pekee uliotiwa sahihi.

MANENO TULIYOYATAMBUA

Barabarani tulisikia lugha ambayo kwanza masikio yetu yaliichukua kuwa Kiitaliano, kisha yakasita. Waarabu walikitawala kisiwa hiki tangu mwaka 870 hadi Wanormani walipokitwaa mwaka 1091, na lugha waliyoiacha haikuondoka pamoja nao. Imeandikwa kwa herufi za Kilatini, imemeza maneno ya Kiitaliano bila kipimo, hata hivyo mifupa yake ni ya Kiarabu. Bahari kwao ni baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, wakati ni żmien, ambalo ni ndugu wa zamani yetu. Fedha ni flus, nasi wazee wetu wa pwani walisema fulusi. Gereza ni ħabs, na hapo kila askari polisi atakumbuka mahabusu wake. Tulipomwambia muuza magazeti mmoja kwamba siku ya Il-Ġimgħa kwetu huitwa Ijumaa, alilirudia neno hilo mara mbili kisha akamwita jirani yake alisikie.

Hatua chache kutoka kanisani, mkabala wa mahakama, kuna sanamu ya ukumbusho wa vita vya 1565, kazi ya Antonio Sciortino ya mwaka 1927. Chini yake tulikuta maua, mishumaa na picha za mwanamke. Ni Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa habari aliyeuawa kwa bomu lililotegwa ndani ya gari lake tarehe 16 Oktoba, 2017. Ndugu wawili walikiri kosa hilo mwaka 2022 wakahukumiwa kifungo cha miaka 40 kila mmoja. Wananchi walichagua mahali hapo, mbele ya mlango wa mahakama, ili wanaohusika na sheria wapite hapo kila asubuhi. Jeshi la polisi la Malta ni miongoni mwa yaliyo ya zamani zaidi Ulaya. Liliundwa mwaka 1814, na makao yake makuu yako Floriana, nje kidogo ya kuta.

SIKU KUTA ZILIPOSHINDWA

Uwanja ulio mbele ya jumba la Mkuu wa Shirika ni mahali pazuri pa kuketi jioni, na watoto hucheza katika maji yanayoruka kutoka ardhini. Hapo ndipo tulipokumbuka mwaka 1798.

Kufikia wakati huo kuta zilikuwa zimeongezwa kwa zaidi ya miaka 200, ukuta mbele ya ukuta. Mwezi Juni merikebu za Napoleon Bonaparte, aliyekuwa njiani kwenda Misri, zilifika nje ya bandari akaomba maji. Mkuu wa Shirika, Mjerumani Hompesch, alijibu kwamba ataruhusu meli chache tu kwa zamu. Wafaransa walishuka tarehe 10 Juni. Tarehe 12 Juni mkataba wa kusalimu amri ulikuwa umekwisha tiwa sahihi. Siku tatu! Zaidi ya nusu ya watawa-askari walikuwa wenyewe Wafaransa, na wengi hawakutaka kupigana na watu wao; wenyeji nao walikuwa wamechoshwa na mabwana waliowadharau, hawakuona kwa nini wafe kwa ajili yao. Yasimuliwa kwamba jenerali mmoja wa mahandisi, Caffarelli, alipokwisha zikagua ngome alimwambia Napoleon kuwa ni bahati njema walimkuta mtu ndani wa kuwafungulia mlango.

Napoleon alikaa kwa muda wa wiki moja hivi. Aliwafungulia watumwa, jambo la kusifiwa, na akachukua fedha na vyombo vya makanisa, hata vyombo vya fedha vya hospitali kuu ambavyo wagonjwa walikuwa wakilia chakula, jambo ambalo wenyeji hawakulisahau. Alimwachia Jenerali Vaubois kisiwa. Tarehe 2 Septemba, 1798, Wafaransa walipokuwa wakinadi mali ya kanisa katika mji wa Mdina, watu walifanya ghasia, wakamwua ofisa mkuu wa kikosi kilichokuwa huko, na katika siku chache mashambani kote kukawa kwao. Vaubois alijifungia Valletta na askari wake.

Sasa mambo yaligeuka. Wakulima wenye bunduki chache hawakuweza kuupanda ukuta ule, wala hawakuhitaji kuupanda. Waliketi nje yake. Merikebu za Waingereza zilifunga bahari. Padre Mikiel Xerri na wenzake walipanga kuwafungulia ndugu zao malango kutoka ndani, njama ikagunduliwa, na mnamo Januari 1799 alipigwa risasi katika uwanja huu huu tuliokaa. Vaubois aliwatoa raia wengi nje ya mji ili apunguze midomo ya kulisha. Alikuwa askari hodari, na hakuna ajuaye vita atakayemlaumu. Alishikilia miaka miwili. Lakini birika haliwezi kujazwa unga. Tarehe 5 Septemba, 1800, alisalimu amri kwa Waingereza, na Wamalta waliomzingira muda wote huo, ambao maelfu yao walikuwa wamekufa kwa maradhi na njaa, hawakuitwa mezani wakati wa kutia sahihi. Waingereza walikaa tangu hapo hadi uhuru wa mwaka 1964, na askari wao wa mwisho waliondoka tarehe 31 Machi, 1979.

NJAA ILIYOGAWANYWA

Siku ya pili, ilipokaribia saa sita mchana, tulikuwa katika bustani ya juu iitwayo Barrakka, ambayo hapo kale ilikuwa ya watawa-askari wa Kiitaliano. Chini yake imepangwa mizinga ya salamu, na kila siku saa sita kamili mmoja hupigwa, kama ulivyopigwa zamani ili manahodha wasahihishe saa zao. Askari wa mzinga huvaa sare ya karne ya kumi na tisa, na watu humcheka, lakini amri zake zilikuwa fupi na mikono yake haikutetemeka. Njiwa wote wa bustani waliruka.

Kutoka hapo bandari kuu yote iko chini ya macho, na ndipo mtu huelewa mwaka 1942. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni, 1940, na asubuhi yake mabomu ya kwanza yakaanguka Malta. Kisiwa kilikuwa katikati ya njia ya Waitaliano na Wajerumani kwenda Afrika ya Kaskazini, kikizamisha meli zilizompelekea Rommel mafuta na silaha. Ving'ora vililia zaidi ya mara 3,000 hadi vita vilipokwisha huko. Watu waliingia ndani ya mwamba: mahandaki ya watawa-askari yalipanuliwa, mapya yakachimbwa kwa sururu, na familia zikalala humo miezi mingi. Jumba la michezo ya kuigiza lililo karibu na lango lilipigwa tarehe 7 Aprili, 1942. Nguzo zake zilizovunjika zimeachwa vivyo hivyo, na siku hizi michezo hufanywa kati yao, juu pakiwa wazi. Tarehe 15 Aprili Mfalme George wa Sita alikitunuku kisiwa kizima, watu wote pamoja, Msalaba wa George, ambao hata leo umo katika bendera ya taifa.

Lakini nishani hailiwi. Kufikia mwezi Agosti serikali ilikuwa inahesabu siku zilizobaki kabla ya kusalimu amri kwa kukosa mkate na mafuta. Jikoni za umma zilipika chakula kimoja cha moto kwa siku, na watu wakapanga foleni na sufuria zao. Posho ya askari nayo ilikatwa, wapiga mizinga wakajifunga mikanda kama wapagazi wa bandarini. Jambo hili la mwisho wazee wa Malta walilisimulia kwa miaka mingi kuliko habari za ndege.

Msafara wa meli 14 za mizigo uliletwa ukisindikizwa na manowari nyingi. Meli tano tu zilifika. Ya mwisho, meli ya mafuta iitwayo Ohio, iliingia asubuhi ya tarehe 15 Agosti ikiwa imepigwa hata mgongo wake umevunjika, haina nguvu ya mashine, imefungwa kwa kamba katikati ya manowari mbili zilizoishika kama watu wawili wamshikavyo majeruhi kwapani. Ukuta wote tuliokuwa tumesimama ulijaa watu siku hiyo. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa, na hadi sasa wenyeji huuita msafara ule kwa jina la sikukuu hiyo.

Ngome ya Mtakatifu Elmo, iliyojengwa upya baada ya 1565, sasa ni makumbusho ya vita, na hatuwezi kueleza yote yaliyomo. Msalaba wenyewe uko humo katika sanduku la kioo, mdogo kuliko tulivyotazamia. Karibu yake iko ndege iitwayo Faith, ya mabawa mawili, moja ya zile chache za zamani zilizopanda kukutana na Waitaliano siku za mwanzo. Haina mabawa tena. Nje, kwenye ncha, kuna gati la kuzuia mawimbi na daraja la chuma. Daraja la awali lilianguka usiku wa kuamkia tarehe 26 Julai, 1941, Waitaliano walipojaribu kuingia bandarini kwa mashua ndogo zilizojaa baruti. Wapiga mizinga wa Kimalta waliwaona, na shambulio lilizimwa katika dakika chache. Daraja jipya liliwekwa mwaka 2012.

Saa zetu za mwisho tulizitumia ng'ambo, Birgu. Mashua za abiria, ambazo wao huziita dgħajsa, huvusha watu kwa yuro chache, na mchukuzi wetu alipita chini kabisa ya kuta za Mtakatifu Angelo, mahali ambapo mashua za mwaka 1565 zilijifichia zikingoja giza. Kwenye gati la Birgu kuna sanamu za ukumbusho wa tarehe 31 Machi, 1979: baharia wa Kiingereza anaagana na Mmalta kwa kumpa mkono, na bendera inapandishwa. Siku hiyo kila mwaka, na tena tarehe 8 Septemba, vitongoji vya bandari hushindana kwa mashua za makasia, na ushindani wenyewe si wa mzaha; waliokuwa marafiki tangu utoto hukaa wiki nzima bila kusalimiana. Tulipofika vijana wa kitongoji kimoja walikuwa mazoezini. Mwalimu wao, mzee mwenye kofia ya majani, alisimama gatini akiwahesabia makasia kwa sauti kubwa, nasi tulianza kuhesabu pamoja naye kimoyomoyo alipofika sitta, sebgħa, mashua ikipita mbele yetu kuelekea Mtakatifu Elmo.